Mgeni Asiyesubiri Jibu

Nilikuwa sijamaliza kupiga hodi shangazi yangu aliponinyooshea kiganja, ninyamaze. Ilikuwa saa moja kamili asubuhi, na mimi tayari nilikuwa nazungumza ukutani kwake.

"Shikamoo, Shangazi," sauti yangu ilisema kutoka kwenye kisanduku kidogo kilichopigiliwa kando ya mlango. "Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama," shangazi alikijibu. Taa ya kijani iliwaka kwenye kisanduku, ikazimika. Shangazi akavuta pumzi, akaiweka sawa khanga begani, akaendelea. "Ila hili pangaboi, mwanangu..." Kisha akaona taa imezimika, akaguna. "Ameshaondoka. Ana adabu huyu mgeni, lakini ana haraka kama anayefukuzwa."

Ndipo akanigeukia mimi mwenye mwili, akanikumbatia, akasema nimekonda.

Mgeni ndilo jina walilokipa kisanduku kile katika nyumba zote kumi na moja za mlima Isuhi. Ofisini tulikiita Kipokezi cha Ridhaa, jina ambalo hata sisi lilituchosha ulimi. Shangazi Mwantumu alikuwa amekifumia kitambaa cheupe cha uzi, kama vile vya kufunikia redio, akaacha tundu mahali pa sikio ili kisizibwe. Nilicheka nilipokiona. Niliona fahari pia, kwa nini nifiche? Sauti ya kisanduku niliirekodi mimi, na maneno yake niliyatunga mimi. Nyumba nyingine kilisalimu Bibi au Babu. Hii peke yake niliirekodia Shangazi.

Nilikuwa nimetumwa na kampuni kwa kazi ndogo. Kesho yake baraza la ridhaa lingekaa Isuhi kusikiliza malalamiko ya nyumba zile kumi na moja dhidi ya mapangaboi ya upepo yanayofua umeme mlimani. Mimi nilitakiwa kupita nyumba kwa nyumba, kupima kama vifaa vinasikia na kusema sawasawa, kisha niape mbele ya baraza kwamba rekodi za miaka mitatu hazijachezewa. Nilijua hazijachezewa. Kufuli lake nililitengeneza mwenyewe.

Mapangaboi tisa yalikuwa yanazunguka juu yetu, meupe, hayana wasiwasi. Siku za zamani mitambo ya namna hii ilizungushwa na upepo tu, bila kumwuliza mtu. Haya yalihitaji upepo na ruhusa. Tangu ipitishwe Sheria ya Ridhaa, pangaboi lililo karibu na makazi huzunguka kwa kukubaliwa na watu wa pale, na si kukubaliwa mara moja kwa dole gumba kwenye karatasi, bali kila siku inayokucha. Ridhaa ya nyumba ikishuka chini ya sabini kwa mia, mtambo hukunja mapanga yake wenyewe, ukanyamaza hadi kesho. Hakuna meneja wala waziri awezaye kuuamsha.

Mapangaboi ya Isuhi hayajawahi kukunja mapanga. Siku elfu moja na tisini na tano, nyumba kumi na moja, na ridhaa ikasimama kwenye tisini na saba kwa mia. Halafu watu wale wale wakaandika barua ya kurasa sita: hawalali, vichwa vinauma, vivuli vinawakatakata hadi vyumbani, mitambo isogezwe. Ofisini tuliisoma barua ile kwa zamu, tukitikisa vichwa. Walikuwa na neno moja tu la kusema kila asubuhi, nalo lingesimamisha chuma chenye urefu wa minazi sita. Hawakulisema.

"Shangazi," nilianza, tulipokaa kwenye vigoda uani, "kesho mtaulizwa swali. Kama pangaboi linawasumbua, kwa nini kila asubuhi mnasema salama?"

"Tunamwambia nani?"

"Mgeni."

Alinikazia macho, akitafuta kama namtania. "Tatu, mwanangu. Mgeni anatusalimu. Mtu akikusalimu unamwitikiaje?"

"Lakini jibu lile ndiyo ridhaa yenyewe..."

"Mlituambia pale shuleni, kwenye mkutano. Wewe mwenyewe ulisimama, una gauni la bluu. Mkasema kila asubuhi tutaulizwa kama mitambo inatusumbua. Haya, tukangoja. Miaka mitatu tunangoja aulize. Anaamkia, anawasha taa, anaondoka. Wengine wakasema labda swali linaletwa mwisho wa mwaka. Mwaka ukaisha. Ndiyo tukaandika barua."

Niliitazama taa ya kisanduku, imezimika.

Nieleze kosa lilivyozaliwa, maana nililizaa mimi. Kifaa cha kwanza, cha majaribio, hakikuwa na salamu. Kiliuliza moja kwa moja: mtambo unakusumbua, ndiyo au hapana? Mzee mmoja wa kijiji cha majaribio alikifunika kwa chungu, akasema hahojiwi nyumbani kwake na kitu kisichojua hata kubisha hodi. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikasema tukipe adabu. Tukaweka shikamoo, tukaweka umeamkaje. Kisha wataalamu wa takwimu wakaja na hoja yao: jibu la umeamkaje linatosha, kwani aliyelala vibaya atasema vibaya. Swali lenyewe likaonekana la ziada, likafutwa. Na kwa kuwa sheria inakataza kusikiliza mambo ya ndani ya watu, kifaa kinaziba sikio sekunde nne baada ya salamu. Sekunde nne hizo nilizipigania kwa kelele, ili mtu asije akasikilizwa akigombana na mumewe. Linalosemwa baada ya hapo halihifadhiwi popote.

Na mimi ni mtoto wa hapa. Najua kwamba kwetu mtu anaweza kuwa na homa ya kufa, ukamwuliza hujambo akasema sijambo, ndipo baadaye akuombe maji. Nilijua, na wala halikunijia akilini. Nilijiona hodari kwa sababu nimekumbuka shikamoo.

Jua lilipanda nyuma ya pangaboi nambari tisa, lililo mita mia nne na ishirini kutoka jikoni kwa shangazi, na vivuli vikaanza. Kivuli cha panga kilipita juu ya paa, kikashuka ukutani, kikavuka ua, kikaenda zake. Kikaja kingine. Nikahesabu: kimoja kila sekunde mbili. Kuku mmoja alikuwa anaparura karibu na kinu na vifaranga wake wawili, hata hakuinua kichwa.

"Naona kuku wamezoea," nilisema, nikitafuta lolote la kunifariji.

"Wamezoea, ndiyo msiba wangu. Zamani kivuli kikipita, kuku anaita, watoto wanakimbilia chini ya kihenge. Walikimbia mwezi mzima, kutwa mara elfu, mpaka wakachoka. Sasa mwewe wa kweli akija hawakimbii. Huyu alitotoa kumi na wanne."

Juu ya kinu palikuwa na karai la maji. Maji yalikuwa yanatetemeka, viduara vidogo visivyoisha. Nilitoa kipimo changu cha sauti: desibeli thelathini na nane, chini ya kiwango cha sheria. Nikaweka kiganja ukutani, nikausikia mvumo ukipanda mkononi hadi kwenye meno. Kipimo hakikuwa na namba ya hilo.

"Baraza likiwakatalia," niliuliza, "mtafanyaje?"

Nilijua jibu la kisheria: lalamiko lililotupwa halirudishwi kwa miaka ishirini na tano, na kampuni ingeruhusiwa kufunga mapanga marefu zaidi. Shangazi alikuwa na jibu lake.

"Wengine sijui. Mimi nitahamia kwa mwanangu Itigi. Nimeshamwambia." Alitazama nyuma ya nyumba, lilipo kaburi la mumewe, Mzee Sungi, lililozungushiwa mawe. "Sungi atabaki peke yake. Lakini yeye pangaboi halisikii."

* * *

Nilizipita nyumba kumi zilizobaki kabla ya saa sita. Vifaa vyote vilikuwa vizima, vimefutwa vumbi. Kila mlango nilipata maneno yale yale, isipokuwa kwa Mzee Kidanka, mwenyekiti wa kitongoji, ambako nilipata na mengine.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," aliniambia. "Huyu wenu mwaka wa tatu, hata kigoda hataki. Halafu, binti, hayo mapangaboi yanafukuza mawingu. Hilo nalo liandike."

Nilimweleza kwamba mapangaboi hayana uwezo wa kufukuza mawingu, nikamchorea na picha mchangani. Alinisikiliza kwa upole wote, kisha akaniuliza kama nimeshaandika. Si kila lalamiko la Isuhi lilikuwa la kweli. Nilijua mwanasheria wa kampuni angeanzia hapo hapo, kwenye mawingu, ili yaliyobaki yachekwe pamoja nayo.

Lwitiko alinisubiri kwenye kontena la ofisi, chini ya mlima. Ndiye meneja wa mradi, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mtaratibu ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi juu ya sanduku la nyaya.

"Vijiji vingapi vina salamu yako?" aliuliza.

"Arobaini na viwili."

"Na ukisema kesho kwamba salamu si swali?"

Hakuhitaji kuniambia. Ridhaa iliyopatikana bila swali si ridhaa. Pangaboi lisilo na ridhaa linajikunja.

"Tanki la Mwau lina maji ya siku tisa," Lwitiko alisema. Mwau ni kijiji cha bondeni, kaya mia sita, na kisima chao ni kirefu mno, hakuna mkono unaoweza kuvuta maji yake; pampu yake inakula umeme wa mapangaboi haya. "Tatu, dada yangu alivunjika mgongo kwa ndoo. Nakwambia hivi si kwa kukutisha. Wewe kesho utaulizwa kitu kimoja tu: rekodi zimechezewa? Sema hapana. Ni kweli, hapana. Mwezi ujao tunabadilisha swali kimya kimya, vijiji vyote, mtu asikose hata kikombe cha maji."

"Na Isuhi?"

"Isuhi ni nyumba kumi na moja."

Alilisema akitazama chini. Namheshimu kwa hilo, hakujifanya hajui amesema nini.

Nilikwenda kukaa juu ya jiwe kubwa nje ya kontena, nikafungua kompyuta. Sikuombwa kusema uongo, na hilo ndilo lililonitesa. Ningeombwa uongo ningekasirika, ningepata nguvu. Niliombwa kusema kweli nusu, na ile nusu nyingine ingebaki kwangu maisha yangu yote. Upande mmoja kaya mia sita na maji yao, upande wa pili mwanamke mmoja aliyenifundisha kusuka nywele, na kati yao sauti yangu mwenyewe ikiamkia watu kila asubuhi kwa adabu isiyo na masikio.

Nilianza kuisoma rekodi ya nyumba nambari kumi na moja, ya shangazi, mstari kwa mstari, nikitumaini kupata hata siku moja aliyosema vibaya. Ningepata siku moja, ningeweza kujidanganya kwamba mtu akitaka kukataa anakataa. Salama. Salama. Salama tu, mwanangu. Nilishuka hadi Agosti ya mwaka juzi, na hapo kidole changu kikasimama.

Nilifunga kompyuta, nikalia pale pale juu ya jiwe. Madereva wa kampuni walinipita wakajifanya hawajaniona.

* * *

Baraza lilikaa saa tatu asubuhi kwenye ghala la alizeti la chama cha msingi, ambalo msimu ule lilikuwa tupu na bado linanuka mashudu. Watu wa Isuhi walikaa kulia, watu wa Mwau kushoto, wengi wao wanawake waliokuja kutetea bomba lao. Mwenyekiti wa baraza, Bi Kokushubira, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikaa mbele kwenye meza ya shule.

Mwanasheria wa kampuni alianzia kwenye mawingu, kama nilivyojua. Ghala lilicheka. Mzee Kidanka akacheka nao, ila alikaa chini kabla ya kuzungumzia usingizi, na mwanasheria hakumkumbusha. Kisha nikaitwa mimi, nikaapa.

"Injinia Tatu Njiku, wewe ndiye mtunzi wa kifaa hiki?"

"Ndiyo."

"Rekodi hizi zimechezewa?"

"Hapana."

"Kuna siku kifaa kilisikia neno ambalo halikusemwa?"

"Hapana. Kilisikia vizuri kabisa."

"Asante sana. Sina zaidi."

Ikawa ndiyo basi. Ushahidi wangu ulikuwa umeisha, na kila neno lake lilikuwa la kweli. Lwitiko, aliyeketi mstari wa mbele, alishusha mabega. Niliwatazama wanawake wa Mwau. Mmoja alinitabasamia, ana mtoto mgongoni, na tabasamu lile lilinichoma.

"Shahidi ana la kuongeza?" Bi Kokushubira aliuliza. Aliuliza kwa desturi tu, kalamu yake imeshaanza kuandika jina linalofuata.

Nikapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, naomba kusoma mstari mmoja wa rekodi." Nilifungua kompyuta, ingawa nilikuwa nimeukariri. "Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka juzi. Nyumba nambari kumi na moja, ya Bibi Mwantumu Njiku. Saa moja kamili asubuhi. Jibu: nimeamka salama, mwanangu. Alama ya ridhaa: mia kwa mia."

"Ndiyo?"

"Siku hiyo, Mheshimiwa, mume wa Bibi Mwantumu alifariki alfajiri, saa kumi na moja. Saa moja kamili maiti ilikuwa ndani, haijaoshwa. Kifaa kikamsalimu, akakijibu. Bibi huyu ni shangazi yangu. Nilifika mchana kuzika. Nikamkuta kwenye mkeka, nikamwuliza habari za hapa. Akaniambia nzuri. Halafu ndipo akalia."

Upande wa Mwau mwanamke mmoja alisema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ya chini. Sikuthubutu kumtazama shangazi.

"Kifaa hakikuchezewa," niliendelea. "Kilichokosekana ni swali. Tuliwasalimu watu hawa mara elfu moja na tisini na tano, na hatukuwauliza hata mara moja. Walipofungua midomo kusema la moyoni, sikio lilikuwa limezibwa. Nililiziba mimi. Vijiji vingine arobaini na kimoja vina salamu hiyo hiyo."

Bi Kokushubira alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akachukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Hata kwetu Bukoba ni hivyo hivyo," alisema, na karani aliposhika kalamu akamwashiria asiandike. Kisha akanyooka. "Andika hili sasa. Baraza limeona kwamba wakazi wa Isuhi walisalimiwa, hawakuulizwa. Ridhaa ya Isuhi imefutwa kuanzia saa hii. Vijiji vingine vyote viulizwe upya ndani ya siku sitini."

Karani aliingiza uamuzi kwenye mtambo wa baraza. Ilichukua kama dakika moja. Kisha tukasikia kitu ambacho wengi wetu tulikuwa hatujui kwamba tunakisikia: mvumo ukishuka, ukashuka, ukaisha. Glasi ya maji juu ya meza ya mwenyekiti ikatulia. Mama mmoja wa Isuhi alishika kifua chake kwa viganja viwili.

Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama.

"Na sisi?" alisema, akinitazama mimi, si mwenyekiti. "Namhurumia bibi, wallahi namhurumia. Lakini siku ya kumi mimi nitachota wapi, dada? Niambie."

Nilisimama pale kizimbani, nimesema kweli yote, na nikaona kwamba kweli yangu imempa mtu mwingine ndoo. Lwitiko alitoka nje bila kunisemesha.

* * *

Kesho yake niliamka kwa shangazi. Mgeni alikuwa ameng'olewa ukutani kwa amri ya baraza, kikabaki kitambaa cha uzi kimening'inia kwenye msumari na tundu lake katikati.

Saa moja kasoro, simu ililia. Lwitiko hakunilaumu. Alikuwa hajalala, aliniambia, ameongea na Mwau, ameongea na makao makuu, na makao makuu yanataka salamu mpya kabla ya siku tisa kuisha. Swali lirudishwe, sikio liachwe wazi baada ya salamu.

"Liachwe wazi sekunde ngapi?" aliuliza. "Nipe namba, Tatu. Ishirini? Thelathini? Betri ina kikomo."

"Ngoja nipime," nikamwambia.

Nilitoka uani. Shangazi alikuwa anachochea moto. Nilipiga magoti kidogo kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo, nikatazama saa ya mkononi.

"Shikamoo, Shangazi. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikuongeza neno.

Sekunde nne zilipita, zikapita thelathini. Shangazi alipuliza moto, akalalamika kuni mbichi. Akaniuliza kama nilifunikwa vizuri. Akawatupia kuku punje za uwele, akawahesabu wale vifaranga wawili kwa kidole ingawa walikuwa wawili tu. Akateleka maji, yakachemka, akatia majani na tangawizi. Mara mbili nilitaka kumsaidia kuanza, nikajiuma ulimi. Akanimiminia chai, akajimiminia yake, akaketi, akapuliza kikombe.

"Ila silali, Tatu," alisema.

Nikaitupia saa jicho.

"Silali tangu Sungi aondoke. Yeye alikuwa anakoroma, unakumbuka? Ukuta ulikuwa unaitikia. Sasa nikilala, lile pangaboi nalisikia hapa kifuani, na usingizini nadhani ni yeye. Naamka nimgeuze ubavu, ananyamazaga ukimgeuza. Nanyoosha mkono, kitanda kitupu. Kila usiku nafiwa upya." Alikunywa chai kidogo. "Mchana lizunguke, sina neno nalo. Hivi vifaranga nitavijengea banda. Watu wa Mwau wanywe maji, mimi nani nimnyime mtu maji? Lakini jua likizama linyamaze. Hilo ndilo nililotaka kusema. Halina urefu."

"Kwa nini hukunipigia simu uniambie, Shangazi?"

"Nilikuwa nakwambia kila asubuhi. Si sauti yako ile?" Hakusema kwa ukali. "Sauti yako ilikuja kila siku. Wewe hukuja."

Nililia kidogo, naye akaniacha nilie, kisha akaingia ndani.

Nikamwandikia Lwitiko kwamba Isuhi wana sharti la mitambo kunyamaza jioni hadi asubuhi, nyumba moja imeshasema, kumi zilizobaki ninakwenda kukaa nazo leo nizisikilize. Mchana peke yake ungejaza tanki la Mwau nusu. Nusu nyingine tuitafute kwa njia nyingine, na nilijua itakuwa vita. Kuhusu sikio, nikaandika: dakika kumi na moja, na chai.

Alijibu papo hapo. *Haiwezekani. Hakuna kifaa kitakachofanya hivyo.*

*Najua,* nikamwandikia.

Simu ikaanza kulia. Shangazi alitoka ndani na majembe mawili, moja la mpini mrefu, la marehemu, akanishikisha hilo.

"Leo siku ya tatu," alisema, na akatangulia kuelekea kwenye uwele.

Niliiweka simu ikilia juu ya kinu, kando ya karai la maji lililotulia, nikamfuata.